Wanunua gari au wanunua karatasi?

Kuna biashara moja ambayo miaka hii ya karibuni imekuwa ikizungumzwa sana na vijana wetu walioko Marekani na Ghuba, na mazungumzo hayo yamefika mpaka kwenye baraza zetu hapa pwani. Nayo ni biashara ya kununua magari ya zamani ya Kimarekani, yale yaliyotengenezwa baina ya mwaka wa 1964 na 1972 hivi, ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli. Wasema kwamba gari lililouzwa dola elfu tatu wakati huo, leo laweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu, na mengine yapita milioni. Wasema ni mali bora kuliko nyumba, kwani nyumba yataka mpangaji, na mpangaji ni mtihani. Nimeulizwa zaidi ya mara moja: "Mzee, waonaje, tuchange?" Nami nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja barazani, na kila mmoja ana la kunikatiza, heri nijibu hapa mahali penye wasaa.

Nasema mapema kwamba sina chuki na magari haya. Kijana gani wa rika langu aliyekuwa akikata tikiti ya sinema asitamani kushika usukani wa gari la namna ile, boneti ndefu kama jahazi na mlio wa silinda nane unaotikisa kifua? Anayelipenda gari hilo na Mungu amempa uwezo, na alinunue, alioshe kila Ijumaa akipenda. Maneno yangu yamhusu yule anayelinunua ili limtajirishe. Huyo, naona, hajui kinachouzwa. Adhani anunua chuma, kumbe chuma ndicho kitu cha mwisho kuhesabiwa katika bei ile.

Twendeni kwanza Detroit, kwenye asili yake.

Mwezi wa Januari 1963 kampuni ya General Motors iliviamuru viwanda vyake viache kabisa mambo ya mashindano ya magari. Pontiac, kilichokuwa kimejijengea jina kwa mashindano hayo, kikabaki mikono mitupu. Mhandisi mkuu wake wakati huo alikuwa John DeLorean, na yeye na wenzake wawili watatu wakapata fikra rahisi: wachukue injini kubwa ya gari kubwa, waitie katika gari la kadiri linaloitwa Tempest. Lakini palikuwa na kanuni nyingine ya kampuni, kwamba gari la ukubwa ule lisitiwe injini iliyopita inchi 330 za ujazo, yaani lita 5.4. Injini waliyoitaka ilikuwa ya inchi 389, lita 6.4. Basi wakasoma kanuni kama wakili anavyosoma mkataba, wakaona kwamba yakataza gari litoke na injini hiyo kama gari la kawaida, wala haisemi neno juu ya nyongeza anayojichagulia mnunuzi. Wakaiuza kama nyongeza, kwa dola 296 hivi. Jina la GTO wakalichukua kwa Ferrari bila ya haya. Wauzaji wa kampuni walikuwa na shaka, wakakubali yatengenezwe magari 5,000 tu kujaribu bahati. Mwaka ule wa kwanza yaliuzwa 32,450.

Tarehe 17 Aprili 1964 Ford nao wakatoa Mustang katika maonyesho makubwa ya New York, na yasemekana siku hiyo moja walipokea maagizo 22,000. Wajuzi hubishana kama Mustang ya awali ni gari la misuli au ni dada yake. Mimi sitaingia katika ubishi huo. Chevrolet, Dodge, Plymouth, Buick, Oldsmobile, wote wakafuata. Kila mwaka injini zilikuwa zikipanda mpaka zikafika lita 7 na zaidi. Chrysler walitoa injini ya inchi 426 waliyoiita Hemi, wakaiandikia nguvu za farasi 425, na wengi wa mafundi waamini kwamba hesabu hiyo ilipunguzwa makusudi ili wenye bima wasishtuke.

Nataka msomaji alishike jambo moja hapa, kwani ndilo lililo chini ya biashara yote hii. Magari haya hayakutengenezewa matajiri. Yalitengenezewa vijana wa mshahara, mafundi wa viwandani, makarani, askari waliorudi vitani. GTO ya kwanza ilianzia bei iliyo chini ya dola 3,000. Na kwa kuwa wanunuzi walikuwa watu wa mshahara, walipunguza pale palipowezekana kupunguzwa. Wengi walitaka sura ya gari kali wakachukua injini ndogo. Hemi peke yake iliongeza karibu dola 900, na ilikunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani, kwa hiyo waliojaliwa kuiagiza walikuwa wachache. Mwaka wa 1969 Chevrolet walitengeneza Camaro yenye injini ya alumini iliyoitwa ZL1. Ilitengenezwa 69 tu, na bei yake ilipita dola 7,000, karibu mara mbili ya bei ya Camaro ya kawaida yenye nguvu. Mawakala walioziagiza wakakaa nazo, wengine wakaomba kuzirudisha. Plymouth Superbird ya 1970, ile yenye pua iliyochongoka na bawa refu mgongoni, ilitengenezwa ili iruhusiwe kushindana. Zikatoka 1,900 na kitu, na kwa mawakala wengine zilikaa mpaka wakang'oa pua na bawa ili zifanane na gari la watu na zipate wanunuzi.

Leo ZL1 ile huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na Superbird moja yenye Hemi iliuzwa Florida mwezi Januari 2022 kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Plymouth 'Cuda ya 1971 yenye Hemi na paa la kukunja, ambayo hazikuzidi dazeni moja, moja iliuzwa mnadani Seattle mwaka wa 2014 kwa dola milioni tatu na nusu. Alhasili, ghali ya leo ni kile kilichokosa mnunuzi jana. Na hilo lapasa kumfikirisha mtu anayedhani anaweza kuichagua mali hii kwa akili. Wakala wa mwaka 1970 alikuwa akiijua biashara ya magari kuliko sisi sote, na yeye ndiye aliyeng'oa bawa.

Hapa yafaa nisahihishe maneno ninayoyasikia mara kwa mara, na hasa kutoka kwa wenzetu wanaofanya kazi Ghuba, wanaoyasema kwa fahari. Wasema magari haya yaliuawa na Waarabu walipokata mafuta mwezi Oktoba 1973. Ni kweli kwamba mafuta yalikatwa, na ni kweli kwamba bei ya pipa ilipanda kutoka dola tatu hivi hadi karibu dola kumi na mbili katika muda wa miezi michache. Lakini mgonjwa alikuwa ameshakufa. Makampuni ya bima yalikuwa yameanza kuwatoza vijana fedha nyingi hata malipo ya bima yakakaribia malipo ya gari lenyewe. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka wa 1970. General Motors walipunguza mgandamizo wa injini zao kuanzia magari ya 1971 ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo, na nguvu zikashuka papo hapo. Hemi ya barabarani ilikwisha mwaka wa 1971. Waarabu walikuja kwenye maziko.

Baada ya hapo magari haya yalikuwa si kitu. Katikati ya miaka ya sabini ungeweza kupata moja kwa dola mia chache, limechoka, tairi zimekwisha, mwenyewe amepata mke na watoto na ataka gari la milango minne. Mengi yalikwenda kupondwa. Hadithi ya kipindi hicho naijua moja ambayo yafaa isimuliwe. Katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, Steve McQueen aliendesha Mustang ya kijani katika vilima vya San Francisco. Mwaka wa 1974 gari hilo lilitangazwa gazetini, na mtu mmoja akalinunua kwa dola 6,000. Mkewe alikuwa mwalimu, akawa analiendea shuleni. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka wa 1977 akiomba auziwe, hakuuziwa. Mwaka wa 1980 klachi ikaharibika, gari likawekwa. Likakaa hivyo miaka mingi, baba akafariki, mwana akalirithi, na Januari 2018 akalitoa hadharani katika maonyesho ya Detroit. Januari 2020 likauzwa mnadani Florida. Nyundo iligongwa kwenye dola milioni 3.4, na pamoja na ada ya mnada mnunuzi akalipa milioni 3.74.

Vijana wetu huishika ile milioni 3.74. Mimi nimeishika miaka arubaini na sita. Na nimeishika ile tofauti baina ya 3.4 na 3.74, ambayo ni dola 340,000 zilizokwenda kwa wenye mnada kwa kazi ya dakika chache, acha walichotoza upande wa muuzaji. Kadhalika nimeshika kwamba gari lile halikupakwa rangi mpya. Liliuzwa na kutu yake na mikwaruzo yake. Mtu angelitengeneza likang'aa, lingepungua bei. Chuma kile kile, kikiwa kizuri zaidi, kingekuwa rahisi zaidi. Basi kilichonunuliwa ni nini?

Kilichonunuliwa ni hakika. Na hakika katika biashara hii hukaa kwenye karatasi.

Kila gari lilikuwa na nambari yake, na kuanzia mwaka wa 1968 huonekana juu ya dashibodi ukichungulia kwenye kioo. Tarakimu za mwisho za nambari hiyo hupatikana pia zimepigwa chapa kwenye injini na kwenye sanduku la gia. Zikilingana, wasema gari lina nambari zake, na bei huenda mara mbili ya lile ambalo injini yake ilivunjika zamani likatiwa nyingine iliyo sawa kabisa nayo. Katika Plymouth na Dodge za 1970 na 1971, herufi ya tano ya nambari ikiwa R, gari lilizaliwa na Hemi. Isipokuwa R, hata likiwa na Hemi ndani leo, halikuzaliwa nayo. Herufi moja. Pontiac GTO za 1964 na 1965 ni taabu zaidi, kwani zilikuwa ni nyongeza tu, na nambari ya gari haikutofautiana na ya LeMans ya kawaida; mpaka uandikie ofisi inayohifadhi nakala za ankara za Pontiac ndipo ujue. Ford ina mtu wake anayeuza taarifa kutoka kumbukumbu za kiwanda kuanzia magari ya 1967. Chevrolet ndio balaa, kwani nambari ya gari haikutaja injini mpaka mwaka wa 1972, na Chevelle ya 1970 haisemi hata kama ni SS au si SS.

Kwa sababu hiyo watu hutafuta karatasi ya kiwandani. Hii ni karatasi waliyokuwa wakiifuata wafanyakazi wakati gari linapita mbele yao: rangi hii, kiti hiki, injini hii. Kazi ikiisha walikuwa wakiitupa popote. Leo huja kupatikana imekunjwa ndani ya springi za kiti, au chini ya zulia, au juu ya tangi la petroli, imeliwa na panya nusu yake. Takataka ya mfanyakazi mmoja wa Detroit, asiyejulikana jina, ndiyo leo yaweza kuongeza makumi ya maelfu ya dola. Nimesema tangu mwanzo kwamba sina chuki na magari haya, na hii ni mojawapo ya sababu. Karatasi hiyo yanipendeza kuliko injini.

Lakini palipo na thamani ya karatasi pana mwenye kughushi karatasi. Wapo wanaosaga mahali palipopigwa nambari kwenye injini na kupiga nyingine. Na wapo wataalamu wanaotazama kwa kioo cha kukuzia mikwaruzo iliyoachwa na mashine ya kiwanda, ili waone kama uso wa chuma uliguswa. Hujafika mbali. Ipo kampuni yenye idhini ya Ford na General Motors ambayo hutengeneza mabodi mazima mapya ya Mustang ya 1967 na Camaro ya 1969. Milango, bampa, taa, viti, hata vibandiko, vyote hupatikana vipya. Fundi aweza kuunda Camaro ya 1969 isiyo na msumari mmoja wa mwaka 1969. Likiuzwa kwa jina lake, kwamba ni mfano, hapana ubaya; ni gari zuri na yaelekea lapiga breki vizuri kuliko la asili. Likiuzwa kwa jina la mwenziwe, ni ghashi, na sisi twajua hukumu ya ghashi.

Na kwa kuwa nimelitaja hilo, yafaa niseme na juu ya mnada. Mnada si haramu, na hapa pwani tumezaliwa tumeikuta minada. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua ili kumdanganya mwingine. Sasa katika minada mingi ya magari haya mwenye mali huweka bei ya chini ambayo chini yake haliuzwi, na mnadi aweza kutaja bei kwa niaba ya mwenye mali mpaka karibu na hapo. Sheria ya biashara ya Marekani hulikubali jambo hilo maadamu wanunuzi wamearifiwa mapema kwamba laweza kufanyika. Huarifiwa katika maandishi madogo yanayotiwa saini mlangoni. Mtu ameketi ukumbini, taa zimewaka, televisheni yamwelekea, mnadi apiga kelele kwa kasi asiyoifahamu, na mtu anayeshindana naye hayupo. Kila mtu amuulize mwanachuoni wake. Mimi nasema tu kwamba kijana aliyelelewa chuoni hapa petu asiingie ukumbini humo bila ya kujua.

La pili ni kwamba wako wakopeshaji maalumu huko wa magari haya, wanaokopesha kwa miaka kumi na hata kumi na mitano, kwa riba. Hapa sina haja ya kuongeza neno. La tatu ni dogo lakini husahauliwa: gari la kupanda mtu mwenyewe halina zaka, lakini aliyelinunua kwa nia ya kuliuza amenunua bidhaa ya biashara, na bidhaa ya biashara hutathminiwa kila mwaka kwa bei ya soko. Anayejisifu barazani kwamba lake limepanda maradufu ajue amejihesabia mwenyewe.

Nirudi kwenye faida, kwani huko ndiko wanakotaka kwenda walioniuliza. Magazeti huandika yale yaliyouzwa kwa milioni. Hayaandiki Mustang ya silinda sita, ambayo zilitengenezwa kwa malaki, na ambayo mpaka leo yaweza kununuliwa kwa chini ya bei ya gari jipya la kawaida. Hayaandiki bohari, bima, mpira uliokauka, petroli iliyoganda katika kabureta kwa kukaa, wala kodi ya serikali ya Marekani, ambayo kwa faida ya vitu vya wakusanyaji huweza kufika asilimia 28 wakati hisa za kampuni hutozwa chini ya hapo. Wala hayaandiki vizuri miaka ya kuanguka. Bei zilipanda sana mwisho wa miaka ya themanini zikaporomoka ilipoingia tisini. Zikapanda tena katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati minada ya Barrett-Jackson kule Scottsdale, Arizona, ilipokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni siku nzima, na 2008 zikaanguka pamoja na mabenki. Zikapanda wakati wa korona watu walipokuwa na fedha na hawana pa kwenda, kisha zikatulia. Aliyenunua mwaka wa 2006 kwa hamasa ya televisheni alikaa miaka mingi akingoja fedha yake irudi, na wengine hawakungoja.

Na hizi pandashuka zote ni kitu kidogo mbele ya jambo ninaloliogopa zaidi, nalo ni umri.

Tazama ni nani aliyeyanunua magari haya kwa bei hizi. Ni wale wale vijana wa 1968, waliokuwa wakiyatazama kwenye dirisha la wakala bila ya fedha mfukoni. Walipofika miaka arubaini na hamsini wakawa na fedha, wakaenda kuununua ujana wao. Hilo naliheshimu. Lakini watu hao leo wana miaka sabini na kuendelea, na wanauza, au watoto wao wanauza baada yao. Mfano tunao. Yale magari ya Ford ya Model T na Model A, yaliyopendwa na kizazi kilichotangulia, yalipungua bei wapenzi wake walipokuwa wakiondoka duniani, ijapokuwa ni ya zamani zaidi na yana historia kubwa zaidi. Uzee wa kitu peke yake hauzai bei. Yataka awepo mtu aliyekitamani akiwa na miaka kumi na sita. Na aliyekuwa na miaka kumi na sita mwaka wa 2001 alitamani nini? Mwezi Juni 2021, katika mnada wa Las Vegas, Toyota Supra ya rangi ya machungwa iliyotumika katika filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa dola 550,000. Vijana wetu wa Mombasa wanaoweka mifereji mikubwa ya moshi kwenye Subaru wamo katika kizazi hicho hicho, na hawajui hata hiyo Hemi ni kitu gani.

Hata miongoni mwa vijana wa Kimarekani wanaoyapenda magari ya misuli, wengi hutaka sura tu. Huchukua bodi la 1969, wakatia injini mpya, breki mpya, kiyoyozi, na magari hayo ya kuchanganya sasa mara nyingi huuzwa kwa bei iliyopita ya lile la asili lenye nambari zake. Hapo ile karatasi iliyoliwa na panya haina kazi.

Wako watakaosema soko limehamia kwingine. Kweli, Waswidi huyapenda magari ya Kimarekani kwa mapenzi ya ajabu, na kule Ghuba, Kuwait, Sharjah na Dubai, wako wakusanyaji wakubwa na majumba ya makumbusho ya magari, na usukani wao ni wa kushoto kama wa Marekani. Nchi ambazo zilisingiziwa kuyaua magari haya ndizo zinazoyalaza kwenye vyumba vyenye ubaridi. Lakini mkusanyaji wa huko hahitaji kuuziwa na kijana wetu aliyeweka akiba ya mshahara wa miaka minne. Ana wakala wake Arizona. Na ukitaka kulileta gari hilo Kenya, hapa magari ya mitumba yaliyopita miaka minane hayaruhusiwi kuingia, na ya usukani wa kushoto kwa kawaida hayasajiliwi. Kwa hiyo kijana wetu hata raha ya kulipitisha Barabara ya Moi asalimiwe na wenziwe hataipata. Atakuwa na picha, na risiti ya bohari.

Sisi hapa twaijua hali hii kutoka upande wa pili. Milango ya nakshi, viti vya enzi, masahani ya kichina, vilitoka katika nyumba zetu za Lamu na Mombasa kwa bei ya kuchekesha wakati tulipoviona ni vikuukuu, na tulipoamka kuvithamini vilikuwa katika kumbi za watu. Fundi wa Detroit aliyeuza GTO yake kwa dola mia nne alipopata mtoto wa pili yu katika safu moja na nyanya zetu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepata senti katika ile milioni.

Kwa wale walioniuliza: kama ni kuchanga, changeni katika kitu mtakachoweza kukiona na kukikagua wenyewe. Na kama kuna kati yenu anayelitaka gari kwa kulipenda, na yuko huko huko Marekani, basi asinunue mnadani. Anunue kwa mtu, mzee akiwezekana, aliyelimiliki muda mrefu; aketi naye, amsikilize, akague ile nambari na herufi, aombe kuona chini ya kiti, kisha aliendeshe. Asinunue la milioni. Mustang ya silinda nane ya injini ndogo, isiyo na sifa yoyote gazetini, itampa mlio ule ule, na spea zake zapatikana kila mahali.

Mwezi Desemba 2023, kiwanda cha Brampton, Kanada, kilitoa Dodge Challenger ya mwisho yenye injini ya silinda nane ya ukoo wa Hemi. Kabla ya kufunga walitoa matoleo maalumu ya kuagana, na moja kati ya hayo liliwekewa kikomo cha magari 3,300, kwa bei iliyoanzia dola 96,666. Wako walioyanunua na kuyapeleka moja kwa moja bohari, plastiki ingali kwenye viti, wangoje miaka hamsini. Lakini yale ya 1970 yaliadimika kwa sababu watu waliyaendesha, wakayagonga, wakayauza kwa chuma chakavu, yakabaki machache. Haya ya sasa yamehifadhiwa yote.